Injini ya kutafutia kwa bei ya chee: mashine ni rahisi, kazi ni kuifundisha Kiswahili

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza hapa Riyadh, na wa Jeddah wamenipigia simu, vipi tuliweza kujenga injini yetu ya kutafutia maandishi na hali hatuna bajeti wala mfadhili. Niliahidi kuandika, na ahadi ni deni. Leo nalipa.

Nitaeleza kwa lugha nyepesi, maana wengi wetu si watu wa kompyuta. Wapo wa fasihi, wa historia, wa sharia, wa udaktari. Anayeweza kuweka programu kwa kufuata maelekezo ataweza kazi hii. Asiyeweza amtafute kijana mmoja amsaidie siku mbili tatu.

KISA CHENYEWE

Maalim wetu mmoja alifundisha Jeddah karibu miaka ishirini. Kama mnavyojua, sisi huku tumo kwa mkataba na ikama. Mkataba ukisha, unapigiwa khuruji nihai, unafunga mizigo, basi. Vitabu vikizidi uzito wa ndege unavigawa. Maalim aligawa vitabu vyake, na akatuachia diski moja. Ndani yake mna faili kama elfu sita: mihadhara, makala, barua, na mahojiano aliyowafanyia manahodha wazee wa Unguja, Mombasa na Sur tangu miaka ya tisini.

Baada ya kurudi nyumbani macho yakamharibikia, hasomi tena. Siku moja akapiga simu: "Wanangu, mie nataka niimalize kamusi yangu ya maneno ya baharini kabla sijaondoka duniani. Pana nahodha mmoja alinieleza tanga linavyofungwa kwenye foromali. Sikumbuki ni faili gani. Nitafutieni, kisha mnisomee."

Tukaona jambo dogo. Tukaandika "tanga" katika kitafutio cha Windows. Ikaja faili moja: barua ya safari ya kwenda mji wa Tanga. Kumbe kwenye diski ya nje kitafutio kile kwa kawaida hutazama majina ya faili tu, hakisomi kilichomo ndani. Tukaanza kufungua faili moja moja. Baada ya jioni nne tukawa hatujafika hata mia tatu, na mwenzangu akasema, "Kwa mwendo huu Maalim atatutangulia."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Neno hilo hilo, tanga, ndilo lililotufundisha karibu kila kitu ninachotaka kuwaeleza.

INJINI YA KUTAFUTIA NI NINI?

Watu hudhani ukiandika neno, mashine inakimbia kuzisoma faili zote wakati huo huo. Hapana. Ingekuwa hivyo ungesubiri mpaka chai ipoe.

Chukua kitabu kikubwa cha historia, nenda kurasa za mwisho. Utakuta faharasa: "foromali, uk. 12, 88, 340". Aliyeitengeneza alisoma kitabu chote mara moja, ili wewe usihitaji kukisoma chote. Injini ya kutafutia inafanya vivyo hivyo. Inasoma kila faili mara moja, inaandika kila neno na mahali lilipo, na unapouliza inatazama faharasa peke yake. Basi kazi zake ni nne: kukusanya maandishi, kuyatoa ndani ya faili zao, kutengeneza faharasa, na kupanga majibu ili lililo bora liwe juu.

Hilo la kupanga lina siri moja rahisi. Mwaka 1972 bibi mmoja wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alieleza kwamba neno linaloonekana katika maandishi machache lina uzito mkubwa zaidi kuliko linaloonekana kila mahali. Ukiuliza "tanga na foromali", hilo "na" limo katika kila faili, halisaidii kitu. "Tanga" limo katika faili nyingi kidogo. "Foromali" limo katika chache mno, na ndilo linalobeba swali zima. Juu ya msingi huo, Stephen Robertson na wenzake wa London walitengeneza katika miaka ya tisini fomula iitwayo BM25, ambayo inazingatia pia urefu wa maandishi na mara ngapi neno limerudiwa. Fomula hii imo bure ndani ya programu nitakazozitaja. Huna haja ya kuijua hesabu yake, lakini ukiijua tabia yake utauliza vizuri zaidi.

VIFAA NA GHARAMA

Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu wakisikia injini ya kutafutia wanafikiria Google na majumba yake ya kompyuta. Google inatafuta dunia nzima. Sisi tunatafuta diski ya Maalim.

Hebu tupige hesabu. Tuseme tuna faili 4,000, kila moja ina kurasa 20, na kila ukurasa herufi 2,000. Hizo ni herufi milioni 160, yaani kiasi cha megabaiti 160 za maandishi matupu. Picha 40 au 50 ulizopiga na simu zinachukua nafasi hiyo hiyo. Kompyuta iliyotupwa ofisini kwa uzee inaimudu kazi hii bila ya kutoka jasho.

Sisi tulinunua kompyuta iliyotumika katika soko la kompyuta la Olaya, hapa Riyadh, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, kwa riyali 450 baada ya kupatana sana. Tukaiwekea Linux. Umeme nao si wa kutisha. Mashine kama hiyo ikila wati 40 usiku na mchana, kwa mwezi ni kama kilowati-saa 29. Kwa bei ya majumbani iliyowekwa mwaka 2018, halala 18 kwa kilowati-saa, ni riyali tano na kidogo, na kodi juu yake.

Anayetaka iwe mtandaoni anaweza kukodi seva ndogo kwa dola 5 au 6 kwa mwezi, yaani riyali 19 mpaka 23. Sisi hatukutaka, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

PROGRAMU

Zote nitakazozitaja ni programu huria: unazipata bure, unaweza kuzifungua ndani na kuzibadilisha.

Msingi mkubwa ni Lucene, kazi ya Doug Cutting, ambayo iliingia katika jumuiya ya Apache mwaka 2001. Lucene ni maktaba ya kutengenezea faharasa, si programu ya kufungua na kutumia moja kwa moja. Juu yake ikajengwa Solr, iliyoanzia katika kampuni ya CNET mwaka 2004 na kutolewa kwa Apache mwaka 2006. Solr inakupa seva kamili. Sisi tunatumia hiyo.

Cutting huyo huyo na Mike Cafarella walianzisha Nutch mwaka 2002. Walitaka kuonyesha kwamba hata injini ya kutafutia mtandao mzima inaweza kuwa huria, na mwaka 2003 walionyesha mfano wenye kurasa milioni 100. Nutch ina kile kinachoitwa buibui (sio la kuvaa!), yaani programu inayotambaa kutoka kiungo hadi kiungo ikikusanya kurasa. Kama unachotaka ni tovuti tano au kumi tu, usijisumbue na Nutch, wget inatosha. Lakini heshimu faili ya robots.txt ya kila tovuti, maana hapo ndipo mwenye nyumba anaposema ingia au usiingie. Utaratibu huo ulianza mwaka 1994.

Kwa mkusanyo mdogo zaidi, SQLite ina sehemu yake ya kutafutia iitwayo FTS5, na ipo Xapian, ambayo ni nyepesi mno. Elasticsearch pia ina nguvu, ila someni leseni. Mwaka 2021 iliacha leseni ya Apache, na Amazon wakaigawa wakatengeneza OpenSearch. Mwaka 2024 Elasticsearch ikarudi kwa leseni huria ya AGPL. Faida ya programu huria ni hiyo: mwenyewe akibadilisha nia, ile iliyokwisha kutolewa inabaki ya watu.

KUTOA MAANDISHI NDANI YA FAILI

Kazi hii haina sifa, lakini ilitula muda kuliko tulivyodhani.

Kwanza, nakala. Maalim alikuwa na tabia yetu sote: "kamusi mpya", "kamusi mpya 2", "kamusi mpya KABISA". Programu ya sha256sum inaipa kila faili alama yake, na faili zenye alama moja ni kitu kimoja. Tulipotoa zilizorudiwa, kutoka elfu sita zikabaki elfu nne na kidogo.

Pili, aina za faili. Apache Tika inafungua karibu kila kitu, hata faili za Word za zamani, na inakupa maandishi matupu. Faili nyingine ni za Kiarabu zilizoandikwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, ule wa 1256. Ukizifungua leo unaona takataka tupu. Usizifute! Programu ya iconv inazigeuza kuwa UTF-8 na herufi zinarudi kama zilivyokuwa.

Tatu, karatasi zilizoskaniwa. Kwa macho yetu ni maandishi, kwa mashine ni picha. Hapo tunatumia Tesseract, iliyoanzia HP miaka ya themanini na kufunguliwa kuwa huria mwaka 2005. Ina data ya Kiswahili, mwambie "swa", na ya Kiarabu, "ara". Kwa karatasi safi inasoma vizuri. Kwa mwandiko wa mkono usitarajie miujiza.

SASA LUGHA YENYEWE

Mpaka hapa tulikuwa tumetumia wiki mbili. Tukawasha Solr, tukauliza "tanga". Majibu yakaja, lakini si tuliyoyataka. Kwani nahodha yule hakusema "tanga", alisema "matanga". Kwa mashine, "tanga" na "matanga" ni maneno mawili yasiyojuana, kama "meza" na "samaki".

Lugha za Ulaya hubadilisha zaidi mwisho wa neno. Kwa Kiingereza, Martin Porter alichapisha mwaka 1980 kanuni zake za kukata mwisho wa neno, na nyingi ya programu hizi zinazo. Kiswahili chetu kinabadilika mwanzo, katikati na mwisho. Andika, aliandika, hatukuandika, waliandikiwa, yaliyoandikwa: mtoto wa darasa la pili anajua kwamba yote hayo ni kuandika. Lucene haijui. Inazo kanuni za lugha zaidi ya thelathini, za Kihindi, Kiajemi, hata Kibaski. Kiswahili hakimo.

Tukasema basi, tutakata viambishi wenyewe. Ondoa ki- na vi-, ondoa m- na wa-, ondoa ma-. Kazi ya saa moja! Matokeo yake yakawa kichekesho. "Kitabu" ikawa "tabu". Ukitafuta habari za vitabu unaletewa tabu za watu. "Mtu", "kitu" na "utu" zote zikawa "tu". "Kiti" na "mti" zikawa kitu kimoja. "Kichwa" ikakutana na "mchwa", wote "chwa".

Tukaja kwenye vitenzi. Kanuni yetu ilisema: ukiona kiambishi cha mtenda kikifuatwa na cha wakati, kata vyote viwili. "Walisoma" ikawa "soma", vizuri. Lakini "walimu" nayo ikakatwa, wa-li-mu, ikabaki "mu". "Alizeti" ikawa "zeti". "Unafiki" ikawa "fiki", "utamaduni" ikawa "maduni", na "Amerika" mashine ikaiona ni kitenzi: a-me-rika! Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini.

Tulichojifunza ni hiki: kanuni peke yake haitoshi, lazima iende pamoja na orodha. Basi tukafanya mambo matatu.

La kwanza, orodha ya majina. Solr inakubali faili ya kawaida yenye safu mbili, neno na shina lake. Tukaandika: vitabu, kitabu, macho, jicho, meno, jino, nyimbo, wimbo, ndimi, ulimi, majahazi, jahazi. Neno lililomo katika orodha halikatwi tena na kanuni. Pia tukaweka orodha ya maneno yasiyoguswa kabisa: utamaduni, unafiki, alizeti na jamaa zake. Kamusi ya kukagulia tahajia ya Kiswahili iliyomo ndani ya LibreOffice ilitupa pa kuanzia.

La pili, kanuni za vitenzi, ila zifanye kazi pale tu ambapo orodha imenyamaza, na kinachobaki baada ya kukata kiwe si chini ya herufi tatu.

La tatu, vipande. Badala ya kuwaza viambishi, unalikata kila neno vipande vya herufi tano tano. "Hatukuandika" inakuwa hatuk, atuku, tukua, ukuan, kuand, uandi, andik, ndika. Kipande "andik" kimo pia ndani ya "waliandikiwa", basi yanakutana bila ya sarufi yoyote. Njia hii inakamata mengi, lakini pia inazoa takataka. Kwa "tanga" ilituletea tangawizi, matangazo na Tanganyika.

Kwa hivyo tunaweka faharasa tatu pamoja, na kila moja ina uzito wake. Neno likilingana lilivyo, uzito 5. Likilingana kwa shina, 3. Likilingana kwa kipande tu, 1. Tangawizi bado inakuja, ila inakaa chini kabisa.

Pana kazi nyingine ndogo ndogo. "Ng'ombe" huandikwa kwa alama iliyosimama, kwa iliyopinda, na wengine hawaiweki kabisa, basi tunazifanya zote moja kabla ya kitu chochote. Habari na khabari, heri na kheri, sala na swala, adhana na azana: zote zinahitaji kukutanishwa. Maandishi ya Mombasa na Lamu yana "ndia" kwa njia na "nti" kwa nchi. Tena Maalim ana tungo kwa herufi za Kiarabu, na katika maandishi ya kale herufi ya ب ilibeba b, p, mb na mp. Ukitafuta "pepo" lazima mashine ikubali pia "bebo". Haya hayafundishwi katika kitabu cha kompyuta. Unayajua kwa sababu ni lugha yako.

TUJIFUNZE KWA WENYEJI WETU

Diski ile ina Kiarabu kingi pia, na upande huo hatukutoka jasho. Lucene ina kanuni za Kiarabu tayari. Inaondoa harakati, inazifanya alifu zenye hamza ziwe alifu moja, inakata "al" ya mwanzo na viambishi vichache vya mwisho. Imejengwa juu ya kazi ya Leah Larkey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, iliyotoka mwaka 2002. Waligundua kwamba kukata kidogo na kwa uangalifu kunatosha kwa kutafutia, bila ya kuchimba mpaka kwenye mzizi wa herufi tatu.

Na wenyewe wenye lugha hawakulala. Intaneti ilifunguliwa kwa watu wa Saudi Arabia mwaka 1999, kupitia mji wa sayansi wa Mfalme Abdulaziz hapa Riyadh. Chuo Kikuu cha Mfalme Saud kimekusanya matini za Kiarabu cha kale zenye maneno kama milioni 50. Mwaka 2020 ikaundwa Akademia ya Mfalme Salman ya lugha ya Kiarabu, nayo inashughulika na mikusanyo ya matini.

Kwetu pia wapo waliojitahidi. Arvi Hurskainen wa Helsinki amekuwa akiijenga SALAMA, programu ya kuchambua sarufi ya Kiswahili, tangu miaka ya themanini, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004. Lakini ile faili ndogo ya kanuni na orodha, ambayo mtu yeyote angeichukua akaitia ndani ya Solr yake, sisi tulilazimika kuiandika kwa mkono. Na hiyo haitaki pesa, inataka watu wanaojua kwamba wingi wa ulimi ni ndimi.

"MBONA USIIULIZE AKILI BANDIA?"

Swali hili naulizwa kila wiki. Jawabu langu ni kwamba hizo programu za mazungumzo hazijaisoma diski ya Maalim. Ukiziuliza nahodha alisema nini juu ya foromali, huenda zikakutungia jawabu tamu ambalo nahodha hakulisema. Injini ya kutafutia haikutungii kitu. Inakupeleka kwenye ukurasa wenyewe, unasoma kwa macho yako. Kwa kazi ya ilimu hiyo ndiyo amana.

Sisemi zisitumike. Lucene tangu toleo la 9, lililotoka mwaka 2021, inaweza kutafuta kwa maana na si kwa herufi tu, kwa kugeuza maandishi kuwa namba. Tutajaribu. Lakini anza na faharasa, maana faharasa ukiiona imekosea unajua ilipokosea.

TAHADHARI

Moja, seva ya Solr husikiliza kwenye mlango namba 8983, na ukiiweka bila ya kuipangia ulinzi haiulizi nywila. Usiuache mlango huo wazi mtandaoni hata siku moja.

Mbili, idhini. Maalim alitupa ruhusa yeye mwenyewe. Lakini manahodha waliohojiwa wametaja watu, magomvi, madeni. Hapa Saudi Arabia sheria ya kulinda taarifa za watu ilianza kufanya kazi Septemba 2023, na hata bila ya sheria, ni siri za watu. Ndiyo maana injini yetu haimo mtandaoni. Barua binafsi tulizitoa kabla ya kutengeneza faharasa.

Tatu, nakala ya akiba. Mashine ipo Riyadh, nakala ipo Jeddah, kilomita kama 950. Tunaisafirishaje? Yeyote anayekwenda Umra na kupita Jeddah anachukua diski mfukoni. Ni njia ya kizamani, lakini Septemba 2025, kebo za Bahari ya Shamu zilipokatika karibu na Jeddah na intaneti ikawa ya kuvutavuta, injini yetu haikujua kama kumetokea kitu.

Nne, pima. Andika maswali thelathini ambayo jawabu zake unazijua, na kila ukibadilisha kanuni yaulize yote upya, uone mangapi yamejibiwa katika kumi za juu. Bila ya hivyo utarekebisha neno moja na kuharibu kumi bila ya kujua.

MWISHO WA KISA

Tulipomaliza orodha ya kwanza, maneno kama mia nane hivi, tukaandika tena: tanga foromali. Jibu la kwanza likawa faili iitwayo "Jumatatu b". Nani angeifungua faili yenye jina hilo! Ndani yake, ukurasa wa tatu, nahodha anaeleza matanga yanavyofungwa. Kwa shina, "matanga" ikakutana na "tanga". Kwa uchache wake, "foromali" ikaipandisha faili juu kabisa. Zile "matanga" za msibani, ambazo nazo zimo tele katika barua zake, zikabaki chini kwa sababu hazina foromali.

Tukampigia Maalim, tukamsomea. Akanyamaza, halafu akasema, "Hapo umesoma vibaya, rudia." Nikarudia. Kumbe Tesseract ilikuwa imesoma "demani" kuwa "demeni", nami nikasoma kama kasuku. Akanisahihisha, na neno likaingia katika orodha. Sasa kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana mmoja wetu anampigia, anauliza analolitaka, tunamtafutia na kumsomea. Kamusi imefika herufi ya M.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu huku ana diski yake, na kila mmoja ana siku yake ya khuruji nihai. Msingoje mpaka siku hiyo. Anzeni na mashine kuukuu na programu ya bure. Na asiyeweza hata hivyo, basi anisaidie na maneno hamsini tu: neno na wingi wake, kama yanavyosemwa kwao, Pemba, Lamu, Bukavu, popote. Niliowakosea au niliokosea mahali wanisahihishe.